Mashine pepe haina mtandao? Tafuta kwanza ilipokwama

Ewe unayeanza: umesakinisha Ubuntu ndani ya VirtualBox, programu inayoendesha mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta yako), inawaka bila shida, ila intaneti hakuna. Usikimbilie kufuta na kusakinisha upya. Mara nyingi Ubuntu yenyewe haina kosa, na ukisakinisha tena utayakuta yaleyale.

Anzia ndani, utoke nje. Fungua terminal ya Ubuntu, uandike ip a. Ukiona 10.0.2.15, uko kwenye NAT (mashine hutoka nje kupitia anwani ya laptop) na DHCP, inayogawa anwani, imeshafanya kazi yake. Usipoona anwani yoyote zaidi ya 127.0.0.1, achana kwanza na mafaili ya usanidi, ingia kwenye mipangilio ya kadi ya mtandao ndani ya VirtualBox uone kama "Cable Connected" ina tiki. Watu hucheka wakisikia kebo isiyoshikika nayo huchomoka.

Sasa piga ping (amri ya kuuliza kama mashine fulani inajibu) kwa lango, 10.0.2.2, kisha 8.8.8.8, kisha jina la tovuti. Namba ikijibu na jina likagoma, mtandao unao. Kilichokwama ni DNS, inayogeuza majina kuwa namba. Hilo hutokea sana ukihamisha laptop kutoka waifai ya ofisini kwenda bando la simu, kwa kuwa mashine pepe imeshikilia DNS ya kule ilikotoka. Toa ile tiki ya "Cable Connected", uirudishe, ichukue anwani upya. Na ping isiaminiwe kupita kiasi: ndani ya NAT huweza kukataa huku kurasa zikifunguka, hivyo jaribu na curl, amri ya kuleta ukurasa wa tovuti.

Linalowavuruga wageni kuliko yote ni kuwasha mashine mbili na kuzikuta zote zina 10.0.2.15. Anwani hazijagongana. Kwenye NAT ya kawaida kila mashine ina ruta yake peke yake, haimjui jirani. Ukitaka ziongee, zihamishie "NAT Network".

"Bridged Adapter" huipa mashine anwani kutoka ruta halisi, lakini swichi ya ofisini iliyowekwa kukubali MAC (namba ya kadi ya mtandao) moja tu kwa kila tundu itaikatalia. Hapo muone msimamizi wa mtandao, usihangaike na Ubuntu. Na ukinakili mashine, chagua itengenezewe MAC mpya, la sivyo zote mbili zitakuwa zikipata mtandao na kuupoteza, na utailaumu ruta bure.

SSH, njia ya kuingia kwenye mashine kwa amri, kutoka kwenye laptop haiingii kwenye NAT hivihivi. Kwenye "Port Forwarding" ya VirtualBox, elekeza poti 2222 ya laptop kwenye 22 ya mashine, kisha kwenye laptop andika ssh -p 2222 jina@127.0.0.1, ukiweka jina lako la mtumiaji wa Ubuntu palipo na "jina".