Swali la lugha: Jenomu ya kirusi hupangwa au husomwa?

SWALI: Kazi yangu ni kufasiri habari za afya. Katika taarifa moja kuhusu korona niliandika hivi: "Wanasayansi wamepanga jenomu ya kirusi hicho na kugundua kwamba kimejibadilisha ili kukwepa chanjo. Mageuzi hayo yameleta anuwai mpya." Mhariri amezikataa sentensi hizo. Anasema "kupanga" hakufai na "anuwai" niiondoe, ila hakunieleza sababu. Nimekosea wapi?

JIBU: Mhariri ana haki, na mimi ningeongeza alama nyekundu mbili: moja kwenye "kimejibadilisha ili", nyingine kwenye "mageuzi". Makosa matatu kati ya hayo manne yana asili moja. Kitenzi cha Kiswahili, kwa kiambishi kidogo tu, humweleza msomaji nani ametenda, na wewe umeweka mtendaji mahali ambapo hakuna aliyetenda.

Tuanze na kupanga. Anayepanga vitu huviweka katika utaratibu anaoutaka yeye. Jenomu ni maelekezo yote ya urithi ya kiumbe au kirusi. Ya SARS-CoV-2, kirusi kinachosababisha UVIKO-19, ni uzi mmoja wa RNA, kemikali inayobeba maelekezo hayo, wenye "herufi" (viungo vya kemikali vinavyotajwa kwa herufi) takriban 30,000, na kila herufi ilikuwa imekaa mahali pake kabla mtaalamu hajavaa glavu. Ile iliyotangazwa na timu ya Zhang Yongzhen wa China mnamo Januari 2020, ambayo imekuwa rejea ya maabara nyingi, ina herufi 29,903. Timu hiyo haikuzipanga, ilizisoma. Kwa hiyo andika "kusoma jenomu", na ukitaka kubainisha zaidi, "kusoma mfuatano wa herufi za jenomu".

Wapo wanaoandika "kufuatanisha jenomu". Ni kosa lilelile kwa sura nyingine, kwa sababu -sha inaleta mtu anayevifanya vitu vifuatane. Nomino "mfuatano" haina shida hiyo, inataja tu nini kinafuata nini. "Mpangilio" nao umeshazoeleka, na siwezi kumkatalia mtu anayeandika "mpangilio wa jenomu", ingawa mimi huchagua "mfuatano".

Hata hivyo kuna hatua moja ambapo kupanga ni haki kabisa. Mashine nyingi hazisomi uzi wote kwa mkupuo. Kwanza RNA iliyotoka kwenye sampuli hutengenezewa nakala ya DNA (kemikali ya urithi iliyo jamaa ya RNA), nakala hiyo hurudufishwa kwa vipande (mbinu iliyoenea wakati wa janga ilitumia vipande vya herufi kama 400), kisha vipande hivyo husomwa. Kompyuta ndiyo hulinganisha kila kipande na jenomu ya rejea na kukiweka panapostahili. Hapo unaweza kusema "vipande hupangwa". Jenomu haipangwi. Njia hiyo ya kupitia DNA ndiyo pia iliyoleta desturi ya kuandika herufi za kirusi hiki kuwa A, C, G na T, ilhali RNA yenyewe haina T, ina U. Mfasiri asijaribu kulisahihisha hilo. Ni desturi ya hazina za data, na ukibadilisha T kuwa U kwenye jedwali la wenyewe utawavuruga.

Sasa "kimejibadilisha ili kukwepa chanjo". Hapa umefanya mawili kwa pamoja. Kirejeshi -ji- kinasema kirusi kimejifanyia kitendo, na "ili" inakipa kusudi. Kirusi hakina hili wala lile. Kinapozaliana ndani ya seli hutengenezwa nakala nyingi mno, na katika kunakili herufi moja huweza kukosewa. Virusi vya korona vina kimeng'enya kinachopitia nakala na kusahihisha sehemu kubwa ya makosa, ndiyo maana hubadilika polepole kuliko virusi vingi vya RNA: katika miaka ya mwanzo ya janga, katika ukoo mmoja yaliongezeka takriban mabadiliko mawili kwa mwezi. Mengi hayana athari yoyote, na mengine hukiua kirusi chenyewe. Machache hukisaidia kuenea, na nakala zenye hayo ndizo tunazokutana nazo baadaye kwa wingi. Kwa hiyo andika "kimebadilika", kwa -ka, na badala ya "ili" tumia kitenzi kinachotaja matokeo: "mabadiliko yanayokiwezesha kukwepa kinga". Nimesema kinga, si chanjo. Chanjo iko kwenye bomba la sindano. Kinachokwepwa ni kinga iliyojengwa na mwili, iwe kwa chanjo au kwa kuugua.

Kwa sababu hiyohiyo evolusheni ya kirusi, yaani kubadilika kwake kizazi hadi kizazi, ni "mageuko", kutoka geuka. "Mageuzi" yametoka geuza, yana mgeuzaji, na tumezoea kuyasikia katika siasa na uchumi. Najua vitabu kadhaa vya biolojia vinatumia "mageuzi" kwa maana zote mbili. Sivifuati.

Ugumu wa uambishi huu huonekana zaidi unapolieleza badiliko mojamoja. Chukua D614G, badiliko lililoenea duniani katika mwaka 2020. Jina lenyewe ni sentensi iliyofupishwa: katika protini ya mwiba (ile inayochomoza juu ya kirusi), nafasi ya 614, palipokuwa na asidi amino (kijenzi kimoja cha protini) inayofupishwa D (asidi aspatiki) sasa pana G (glisini). Chanzo ni herufi moja ya jenomu, ya 23,403, iliyokuwa A ikawa G. Angalia kwamba G hizi mbili si kitu kimoja: moja ni asidi amino, nyingine ni herufi ya jenomu, na nimeshaona makala yaliyozichanganya. Wafasiri wengi huandika "D imebadilishwa na G". Soma tena uone. "Na" baada ya kitenzi cha kutendwa humtaja mtenda, kwa hiyo msomaji ana haki ya kuelewa kwamba G ndiyo iliyoibadilisha D. Andika "nafasi ya D imechukuliwa na G". Kitenzi ni cha kutendwa vilevile, ila safari hii kinasema kweli, maana G ndiyo iliyoikalia nafasi hiyo.

Nije kwenye "anuwai", ambayo ni kesi tofauti. Mhariri wako huenda alikuwa na hoja kwamba ni wingi wa Kiarabu, hivyo "anuwai moja" haiwezekani. Hoja hiyo haina nguvu. "Malaika" nao ni wingi huko walikotoka, na kwetu tunasema malaika mmoja bila wasiwasi. Tatizo ni kwamba wasomaji wanaijua "anuwai" kwa maana ya "mbalimbali": vyakula anuwai, mada anuwai. "Anuwai ya Delta" inawalazimu kusimama. "Aina ya Delta" haiwasimamishi.

Lakini usiibebeshe "aina" kila mzigo, kwa kuwa kuna dhana tatu ambazo habari huzichanganya. Badiliko ni herufi au asidi amino moja iliyokuwa hivi ikawa vile. Nasaba ni kundi la virusi vilivyotokana na mzazi mmoja na kurithi mabadiliko yake. Kuitambua hufanana na kazi ya wahariri wa miswada ya kale: nakala mbili zikikutwa na kosa lilelile mahali palepale, hukisiwa kwamba zimetoka kwa mnakili mmoja. Jenomu zinapolinganishwa kwa wingi namna hiyo ndipo huchorwa mti wa nasaba, wenye matawi na vitawi. Neno hili linatufaa sana, kwa sababu tayari tunasema "vinasaba". Aina, katika lugha ya habari za janga, ni nasaba iliyopewa jina la kuitangaza kwa umma kwa sababu tabia yake inahitaji kuangaliwa. Tarehe 31 Mei 2021 Shirika la Afya Duniani lilianza kuziita aina hizo kwa herufi za Kigiriki, ili nchi zilizozitambua kwanza zisibandikwe lawama. Kila aina ina mabadiliko, lakini mabadiliko mengi hayazai aina. Omikron, ambayo Afrika Kusini iliiripoti kwa Shirika hilo tarehe 24 Novemba 2021 na ikapewa jina siku mbili baadaye, ilikuwa na mabadiliko zaidi ya 30 katika protini ya mwiba peke yake.

Na Omikron haikuwa "kirusi kipya", kama vichwa vingi vya habari vilivyodai. Kirusi kilikuwa kipya mwanzoni mwa 2020. Omikron ni aina mpya ya kirusi kilekile. (Kirusi kimoja, virusi vingi, upatanisho ki- na vi-. Wanaoandika "virusi hiki" waamue moja.)

Sentensi zako, basi, ningeziandika hivi: "Wanasayansi wamesoma jenomu ya kirusi hicho na kukuta mabadiliko yanayokiwezesha kukwepa kinga iliyotokana na chanjo. Nasaba yenye mabadiliko hayo imetangazwa kuwa aina mpya." Sehemu ya mwisho iache tu iwapo kweli imetangazwa. Kama maabara imeripoti nasaba na hakuna aliyeipa jina la aina, ishia kwenye "nasaba mpya".

Hukuuliza kuhusu majina ya nasaba yenye nukta, lakini utakutana nayo, na watangazaji huyasoma kama namba za desimali. B.1.1.7, yaani Alfa, husomwa "B nukta moja, nukta moja, nukta saba", kwa sababu kila nukta ni kizazi: hiyo ni nasaba ya saba kupewa namba chini ya B.1.1. Namba zikitaka kuzidi tatu, mfumo huo wa majina huanza herufi mpya, ndiyo maana B.1.1.529.1 huandikwa BA.1. Usiandike "B.1.17" kwa kudhani nukta ya mwisho ya B.1.1.7 ni kosa la chapa; hilo haliwi tena jina la Alfa. Na usitumie mkato badala ya nukta, hata kama gazeti lako huandika desimali kwa mkato.