Mikro moja inatosha, mwanangu

Mwanangu,

Jambo sana. Huku Katuba, Lubumbashi, sisi wote wazima, mvua tu ndiyo inatusumbua, na paa la jikoni limeanza tena vituko vyake.

Uliniuliza kwa simu kwa nini napenda kusema kwamba gita ya Mwenda, yule mpigaji wetu wa Katanga, ya mwaka 1952 iko hai kuliko rekodi zako, wakati yeye alirekodiwa kwa mikro moja, yaani kipaza sauti kimoja, na wewe una mbili, kompyuta na programu ya kisasa. Ukauliza tena ununue nini. Laini ikakatika kabla sijajibu. Basi jibu ndilo hili: usinunue kitu.

Mwenda Jean-Bosco, mtoto wa Bunkeya, alizaliwa 1930. Hugh Tracey alimkuta Jadotville, ndiyo Likasi yetu ya leo, bado kijana kabisa. Tracey alikuwa Mwingereza aliyezunguka Afrika na mashine yake akikusanya muziki, na hazina aliyoiacha ingali Afrika Kusini mpaka sasa. Nyimbo za Mwenda, "Masanga" ikiwa mojawapo, zikatoka kwenye santuri zile za mizunguko 78 kwa dakika, ambazo upande mmoja unabeba kama dakika tatu tu. Hapo lazima umalize wimbo, hata kama ungali na la kusema.

Sasa sikiliza "Masanga" kwa sikio la fundi redio, weka ushabiki kando. (Kwangu mimi hilo ni gumu, unanijua.) Kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nene, hakipumziki. Cha shahada kinachokoa nyuzi nyembamba, kinaingia katikati ya mapigo ya gumba, wakati mwingine kinatangulia kidogo, wakati mwingine kinachelewa. Vidole viwili tu, na mgeni ataapa kwamba wapigaji ni wawili. Tena uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, ameupandisha nusu hatua, kutoka noti ya mi hadi fa, kwa hiyo ile fa ya chini inalia wazi, bila kidole cha mkono wa kushoto kuikanyaga, na mkono huo unabaki huru kufanya mambo mengine huko juu.

Angalia zaidi nguvu ya kila uzi. Besi haimezi wimbo. Sauti yake ya kuimba nayo haipandi juu ya gita. Anaimba karibu kama anayezungumza na mtu aliyeketi mbele yake. Mizani yote hiyo ameipanga mwenyewe, kwa vidole na kwa koo, kabla sauti haijafika kwenye mikro. Ilikuwa lazima. Kila kitu kiliingia katika njia moja ya kanda, na maji yakishamwagika hayazoleki: hakuna ambaye angeweza baadaye kuishusha besi peke yake au kuiinua sauti peke yake. Kazi iliyobaki ilikuwa ya Tracey. Yeye alipenda kuishika mikro mkononi, akiisogeza huku akisikiliza.

Wewe unapiga besi kwa nguvu zote, halafu unatafuta kitufe cha kuipunguza. Nimezisikia zile rekodi mbili ulizonitumia. Mkono wako ni mzuri, nakuambia kweli na sikusifu kwa kuwa wewe ni wangu, lakini gumba lako linapiga kelele.

Kuhusu mikro zako mbili. Umeweka moja karibu na nyingine mbali, kisha umezichanganya. Sauti ya uzi inafika kwenye ile ya karibu kwanza, ya mbali inaipata baadaye kidogo, na zikikutana ndani ya kompyuta zinakulana: sehemu fulani za sauti zinafutika. Ule wembamba uliolalamikia, kama gita iko ndani ya bomba, unatoka hapo. Zima moja, usikie mwenyewe.

Iliyobaki usiielekeze kwenye tundu la gita. Pale pananguruma. Ielekeze pale shingo inapoungana na mwili, umbali wa shibiri mbili hivi, kisha mwombe rafiki yako apige huku wewe umeziba sikio moja, unatembeza lile lingine mbele ya gita. Pale sikio litakapofurahi ndipo mahali pa mikro. Hata mafundi wenye vyombo vya bei kubwa wanafanya hivyo.

Kisha chumba. Hicho cha kwako cha Kolwezi kina sakafu ya simenti, kuta tupu na mabati. Sauti inagonga na kukurudia. Simamisha godoro ukutani mbele yako, tandika mablangeti chini, fungua kabati la nguo na uliache wazi. Usikae katikati ya chumba wala pembeni kabisa kwenye kona. Umeme ukikatika majirani watawasha jenereta, basi rekodi alfajiri. Zima feni. Kiti kinacholia kibadilishe. Mlio wa vidole kuteleza kwenye nyuzi uache, huo ni wa gita.

Na ukirekodi kwa simu peke yake, ujue kwamba programu nyingi za simu zinajipandishia na kujishushia sauti zenyewe: ukipiga taratibu inavuta juu, ukipiga kwa nguvu inakandamiza, na ile tofauti uliyoihangaikia kwa vidole inapotea. Tafuta kwenye mipangilio namna ya kuizuia.

Mwenda alifika hadi tamasha la Newport, Marekani, mwaka 1969, na alifariki 1990 kwa ajali ya gari huko Zambia. Alirekodi tena baadaye, kwa vyombo bora zaidi. Mimi bado nachukua ile ya 1952. Rafiki zangu wa Kamalondo wanabisha, wanasema ni uzee wangu. Waache wabishe.

Ukishapiga upya, usinitumie kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, maana unabanwa sana. Tuma kama faili. Piga wimbo mmoja tu, mara moja, bila kukata wala kuunga, na gumba ulishike.

Mama yako anauliza kama ule unga tuliompa dereva umefika.

Ni mimi, Baba yako