Wiki ya 9 na hofu ya kemikali: anza na vumbi na ile krimu

Dada, umesema una mimba ya wiki 9, umesoma orodha ndefu ya kemikali za nyumbani, umeshatupa nusu ya vitu vya bafuni na usiku usingizi hauji. Mwishoni ukagusia krimu ya kung'arisha uso uliyopewa na rafiki, kwenye kikopo kisicho na lebo. Nimekusoma mara mbili, maana nilishapita hapo na nikakosea.

Mimba yangu ya kwanza nilikuwa nimeacha manukato na rangi ya kucha, nikajiona mama mwangalifu. Wiki hiyohiyo nikashika msasa kusugua rangi ya zamani kwenye fremu ya dirisha la chumba cha mtoto. Ulitoka unga laini kama poda, ukanikaa kwenye nyusi na kwenye mdomo wa kikombe changu cha maji. Jioni nikaufagia kwa ufagio mkavu, vumbi likapanda, nikapiga chafya, nikaona kazi imeisha. Hakuna aliyenikataza, na mimi sikujua kama kuna cha kuuliza.

Aliyenifumbua macho ni mkunga. Alipomaliza kunipima presha aliuliza, "Nyumbani siku hizi unajishughulisha na nini?" Nikamsimulia chumba kwa furaha. Akaweka kalamu chini. "Mama, hiyo rangi ni ya lini?"

Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, na kuzisugua zikiwa kavu kunayapeleka moja kwa moja puani na mdomoni. Risasi huvuka kondo la nyuma. Tena hujificha kwenye mifupa miaka na miaka. Mwili wa mjamzito unapochota kalsiamu humo ili kumjenga mtoto, risasi nayo hutoka ikaingia kwenye damu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Nilipimwa damu, na siku zile za kungoja majibu sitazisahau. Yalikuja mazuri. Chumba walikimalizia wengine, mimi nikiwa silali humo: walilowesha rangi kabla ya kuikwangua, wakafuta vumbi kwa kitambaa kibichi.

Tangu hapo siulizi "kina kemikali?", kwani hata maji ni kemikali. Nauliza kinaingiaje mwilini, kwa kiasi gani, mara ngapi, na kama madhara yake kwa mtoto yamethibitika au yanashukiwa tu. Ukiuliza hivyo, orodha yako inapungua sana. Risasi, zebaki, moshi wa sigara na dawa za kuua wadudu, hapo ndipo uweke nguvu zako. Kemikali ziitwazo fthaleti, za kwenye manukato, na bisfenoli, ya kwenye plastiki, bado zinachunguzwa: usipashe chakula moto ndani ya plastiki, punguza unachoweza bila kujitesa, kisha ulale. Sabuni unayoisuuza papo hapo si sawa na mafuta yanayoshinda mwilini kutwa. Na dawa ya klorini usiichanganye kamwe na siki wala kisafishio chenye amonia, uwe na mimba au huna, kwa sababu hewa inayotoka inaunguza mapafu.

Sasa krimu, na hapa sitakubembeleza. Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi hutiwa zebaki, na kwa kikopo kisicho na lebo huna namna ya kujua kwa macho. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, wa mataifa kudhibiti zebaki, uliobeba jina la mji wa Japani ambako zebaki iliumiza hata watoto waliokuwa tumboni, umezigusa krimu hizi pia. Hata zenye lebo, tafuta neno calomel, ambalo ni aina ya zebaki, au lolote linaloanza na mercur. Zebaki hiyo hupenya kwenye ngozi, na hubaki kwenye taulo na foronya, kwa hiyo mnaoishi pamoja nao wanaipata.

Iache leo. Usiitupe jalalani: funga kikopo ndani ya mfuko, kiweke watoto wasipofika, nenda nacho kliniki. Waambie umeipaka kwa muda gani, na uulize kipimo cha zebaki kwenye mkojo. Foronya na taulo ya uso zifue peke yake.