Mechi ya Nyumbani Ukiwa Ughaibuni: Kwanza Tafuta wa Kutazama Naye

Nimeishi nje miaka tisa sasa, na mechi nyingi za timu yetu ya taifa nimezitazama peke yangu chumbani. Kupata picha si tatizo kubwa kama zamani. Kinachouma ni pale timu inapofunga, unaruka juu, unageuka umkumbatie mtu, na hakuna mtu. Kwa hiyo kabla hujahangaika na chaneli, tafuta ndugu au rafiki aliye nyumbani mtazame pamoja kwa simu.

Mimi hutazama na mdogo wangu. Mara ya kwanza tuliiacha simu wazi, yangu nikaiweka mezani kando ya kompyuta. Kwenye skrini yangu winga wetu ndiyo kwanza alikuwa anauweka mpira chini apige kona. Kwenye simu nikasikia kiti kinaanguka na mdogo wangu anapiga ukelele, "Kaka, tumefunga!" Ile kona niliitazama nikiwa nimeshajua mwisho wake, na furaha yangu ikawa ya kupokea habari tu.

Sababu ni kwamba yeye alikuwa anapata picha kwa antena, mimi kwa intaneti. Picha ya intaneti hukatwa vipande vidogovidogo na kubanwa ndipo itumwe, kisha kifaa chako nacho hujiwekea akiba kidogo ili isikwamekwame. Safari hiyo inaweza kula nusu dakika, wakati mwingine zaidi. Siku hizi mpira ukishaanza tu, mmoja wetu anauliza, "Saa ya mechi kwako inasoma ngapi?" Aliye mbele anasimamisha picha mpaka mwenzake amfikie. Kama king'amuzi chake hakina uwezo wa kusimamisha, basi naye atazame kwa intaneti. Na makundi yote ya WhatsApp yanyamazishe, hata la familia. Kwenye fainali ya Kombe la Dunia ya 2022 Mbappé wa Ufaransa alifunga mabao mawili ndani ya dakika mbili. Ukiwa nyuma na simu inalia, yote mawili unaporwa.

Jambo la pili ni saa, na hapa nimewahi kuumia. Nchi nyingi za Ulaya hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba na kuzisogeza mbele Jumapili ya mwisho ya Machi. Marekani nayo ina tarehe zake, na nchi nyingi za karibu na ikweta hazibadilishi kabisa. Novemba moja nilipiga hesabu kwa tofauti niliyoizoea, ya saa moja, kumbe imeshakuwa saa mbili. Nikafungua kompyuta nikiwa na hamu yote, nikakuta kipindi cha pili kinaanza na bao letu limeshafungwa. Tangu hapo mechi naiingiza kwenye kalenda ya simu kwa saa za nyumbani, na simu yenyewe inanibadilishia. Mtu akikuandikia "saa mbili", muulize usiku au asubuhi, na kama anahesabu kwa Kiswahili au kwa saa ya simu yake.

Kuhusu chaneli, haki za matangazo huuzwa nchi kwa nchi. Ndiyo maana programu uliyoilipia nyumbani inaweza kukataa kufunguka huku, na hata baadhi ya redio za mtandaoni hukata matangazo kwa wasikilizaji wa nje mechi inapoanza. Wiki moja kabla, angalia ni nani mwenye haki katika nchi unayoishi, lipia, na ujaribu kufungua kwa kifaa kilekile utakachotumia siku yenyewe. Zile tovuti za wizi ziache. Zinakurushia matangazo ya kila aina, nyingine zinawinda namba za kadi yako ya benki, na mara nyingi huganda wakati mpira umenoga.

Ikiwa ni mechi ya mtoano, usiombe ruhusa kazini ya saa mbili. Dakika 90, mapumziko 15, nyongeza 30, kisha penalti kama zile zilizoamua fainali hiyo ya 2022 baada ya sare ya 3-3: tenga saa tatu. Kama inachezwa usiku wa manane kwako, lala mapema uamke, usikeshe kuisubiri.

Kipenga cha mwisho kikilia, usikate simu. Mdogo wangu hutoka nayo hadi nje, anainyoosha juu bila kusema neno, nami nakaa kwenye ukingo wa kitanda nasikiliza honi na watoto wanaokimbia barabarani.