Usikate boksi la sabufa kabla hujahamisha kochi

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Morogoro, nina sabufa ya 5.1, yaani boksi la besi lenye spika ya inchi 8 na vispika vitano vidogo. Nyuma ya boksi pameandikwa wati 90, ila kwenye katoni yake waliandika PMPO 12,000. Sebule yangu ni mita 5 kwa 4. Boksi liko chini ya runinga, katikati ya ukuta, na kochi liko katikati ya chumba kwa sababu nyuma yake tumeweka meza ya chakula. Shida yangu ni besi. Nikiweka muvi ya vita, mabomu yanalia kama mtu anapiga ndoo tupu. Cha ajabu, jirani tunayepakana ukuta wa upande wa meza analalamika kuwa namtikisia vyombo kabatini. Fundi wa mtaani ameshalifungua boksi mara moja kuangalia, na anataka laki na nusu: atoe spika ya inchi 8, apanue tundu, afunge ya gari ya inchi 12 yenye koili mbili, na aongeze kapasita. Mimi napenda kujifanyia kazi hizi mwenyewe, nina mita na pasi ya kulehemu. Nimpe yeye, au ninunue spika nifunge mwenyewe?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usimpe, na usifunge. Barua kama yako napata karibu kila wiki, na jibu lako umeliandika mwenyewe bila kujua: jirani vyombo vinamtikisika, wewe uliyekaa mbele ya boksi husikii. Maana yake besi inatoka. Haikufikii tu hapo ulipokaa.

Besi ina mawimbi marefu kuliko watu wanavyodhani. Kwa joto letu sauti husafiri kama mita 349 kwa sekunde, kwa hiyo mlio wa Hz 35, yaani mitetemo 35 kwa sekunde, una wimbi la karibu mita 10, na urefu wa sebule yako ni nusu yake. Wimbi linatoka kwenye boksi, linagonga ukuta wa nyuma, linarudi, linakutana na jingine linalokuja. Karibu na kuta yanajumlishana, katikati ya chumba yanafutana. Upana wa mita 4 unafanya vivyo hivyo kwenye Hz 44. Kochi lako, kwa jinsi ulivyolieleza, limekaa pale mashimo yote mawili ya besi, la urefu na la upana, yanapokutana. Na boksi nalo umeliweka katikati ya upana, mahali ambapo haliwezi kuuamsha vizuri huo mlio wa Hz 44. Nyumba zetu za tofali za saruji na sakafu ya vigae hazimezi besi hata kidogo, inagonga na kurudi karibu yote, ndiyo maana mashimo haya kwetu ni makali. Jirani ameegemeza kabati kwenye ukuta ule ule ambako besi inajikusanya. Yeye anaisikia kuliko wewe uliyeinunua.

Usiniamini kwa maneno. Pakua kwenye simu programu yoyote ya bure ya kutoa toni, unganisha na sabufa, weka Hz 45, sauti ya wastani. Anza kwenye kochi, tembea taratibu mpaka kwenye meza ya chakula, kisha mpaka kwenye kona. Utasikia besi inakuja na kupotea miguuni mwako, hatua mbili tu zinatosha. Nimewafanyia wateja jaribio hili majumbani mwao na nimeona mtu mzima anarudi nyuma na mbele mara sita, anacheka, anamwita mkewe aje asikie.

Sasa fanya kinyume chake. Sogeza kochi kando, weka boksi la besi pale unapokaa, hata juu ya stuli, cheza wimbo wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka, kisha wewe mwenyewe piga magoti utembee kando ya kuta kichwa kikiwa chini. Mahali ambapo noti zote zinasikika sawasawa, bila moja kuvimba na nyingine kupotea, ndipo pa kuweka boksi. Mara nyingi itakuwa kwenye kona au karibu nayo. Boksi likitoka katikati ya ukuta likaingia kwenye kona, ukuta wa pili unaweza kukuongezea hadi desibeli 6 kwenye besi ya chini. Kupata desibeli 6 kwa umeme ungehitaji kuzidisha wati mara nne. Kona haidai laki na nusu. Kochi nalo lirudishe nyuma hata sentimita 80, meza ya chakula isogee pembeni. Ugomvi wa nyumbani kuhusu meza hiyo utaumaliza mwenyewe.

Mambo mawili ya haraka. Hakikisha waya za vispika vyote, nyekundu imeingia kwenye nyekundu na nyeusi kwenye nyeusi. Kimoja kikigeuka kinafuta sehemu ya besi ya kati. Na kama sauti unaitoa kwenye runinga kwa ule waya wa pini mbili, nyekundu na nyeupe, ujue kwamba chaneli ya besi ya muvi, hiyo ".1" ya kwenye 5.1, kwa kawaida huachwa muvi inapogeuzwa kuwa ya chaneli mbili. Mabomu yenyewe hayapo kwenye waya. Tumia njia ya dijitali kama boksi lako linayo. Wala usipime besi kwa muvi zilizotafsiriwa za kwenye flashi; sauti yake imeshapita kwenye mikono mingi.

Sasa nije kwenye hilo linaloniuma, nalo ni hili wazo la kwamba besi ni inchi. Limeenea mpaka limekuwa kama dini: spika ndogo besi ndogo, spika kubwa besi kubwa, toa hii weka ile. Mdogo wangu, spika haifanyi kazi peke yake. Nyuma yake kuna hewa iliyofungiwa ndani ya boksi, na hewa hiyo ni springi. Spika, boksi na tundu la upepo ni chombo kimoja, kama vile ngozi na mzinga ni ngoma moja. Huwezi kuchukua ngozi ya ngoma kubwa ukaiwamba kwenye mzinga wa ngoma ndogo ukategemea sauti ya ngoma kubwa.

Hesabu yake si siri. Neville Thiele aliiandika Australia mwaka 1961, Richard Small akaikamilisha mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mpaka leo vipimo vya spika vinaitwa kwa majina yao. Karatasi ya spika yoyote ya maana ina namba tatu unazozihitaji: Fs, yaani mlio wa asili wa koni ikiwa hewani, Vas, yaani ujazo wa hewa wenye ugumu sawa na ugumu wa raba na buibui wake (kile kitambaa cha mikunjo kinachoshika koili), na Qts, inayoonyesha jinsi koni inavyojizuia isiyumbe. Chukua spika ya gari ya inchi 12 ya kawaida, Fs Hz 30, Vas lita 80. Boksi lako la inchi 8, ukitoa nafasi ya transfoma, bodi na sumaku ile kubwa, tuseme limebaki na lita 20, na tundu la upepo limezibwa. Gawanya 80 kwa 20 unapata 4, jumlisha 1, tafuta kipeuo cha pili cha 5, ni 2.24. Zidisha kwa 30. Mlio wa asili umepanda kutoka Hz 30 mpaka Hz 67. Chini ya hapo besi inaporomoka, na pale pale kwenye 67 inavimba. Ndiyo ile "bum, bum, bum" ya noti moja inayosikika kwenye vibanda, kila wimbo unapiga mlio ule ule. Spika hiyo hiyo kwenye boksi la lita 60 inashuka mpaka karibu Hz 46. Spika haikubadilika. Kilichobadilika ni hewa.

Na kama fundi ataliacha wazi lile tundu la upepo, urefu na upana wake vilipimwa kwa ajili ya ile inchi 8. Chini ya mlio wa tundu koni haina kinachoishika tena, inaenda mbele na nyuma ovyo mpaka koili inagonga chuma. Ile sauti ya "tak" unayoisikia kwenye sabufa zilizochokonolewa ndiyo hiyo.

Koili mbili nazo ni mtego. Tuseme ziko omu 4 kila moja, omu ikiwa kipimo cha ukinzani wa umeme. Ukiziunga sambamba unapata omu 2, na bodi iliyotengenezwa kwa omu 4 itadaiwa mkondo mara mbili. IC ya ampulifaya itachemka, itajizima ikiwa na kinga, itaungua ikiwa haina. Ukiziunga mfululizo unapata omu 8, wati zinapungua karibu nusu, na koni ya gari ni nzito, kwa hiyo besi itakuwa ndogo kuliko uliyokuwa nayo. Mita unayo: kabla hujaunga chochote pima koili. Ya omu 4 itasoma kama 3.2 mpaka 3.8. Ikisoma 1.7, iache mezani.

Spika za gari zimebuniwa kwa ajili ya gari. Ndani ya gari hewa ni kidogo, kioo kimefungwa, besi ya chini inasukumwa na chumba chenyewe. Mbunifu anategemea msaada huo. Sebule ya mita 5 kwa 4 haikupi.

Kapasita: zinatuliza mngurumo wa umeme na kushikilia kidogo pale bomu linapopiga. Haziongezi nguvu ya transfoma. Ukitoa mikrofaradi 4,700 ukaweka 20,000 kwenye bodi ndogo, kila ukiwasha diodi zinapigwa na mkondo mkubwa wa kuzijaza, siku moja zinakatika. Kuhusu PMPO 12,000, hiyo ni namba ya matangazo; mashine inayokula wati 90 kwenye soketi haiwezi kuendelea kutoa zaidi ya 90. Namba ya kweli ni ile ya nyuma, umeshaisoma.

Kama baada ya kuhamisha kochi na boksi bado una kiu ya besi, na kwa kuwa mikono yako inapenda kazi, liache hilo ulilonalo lilivyo na ujenge boksi la pili. Nunua spika ya inchi 8 au 10 yenye karatasi ya vipimo. Isiyo na karatasi usinunue, hata muuzaji akuonyeshe sumaku kubwa namna gani. Nimewahi kuvua kava la mpira la sumaku moja "kubwa" nikakuta ndani kisumaku cha spika ya redio ya kawaida kimezungushiwa saruji. Ingiza namba kwenye WinISD, programu ya bure ya kompyuta, ikupe ujazo na urefu wa tundu. Tumia MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, ya milimita 18, gundi kila kiungo, weka mbavu katikati, na ampulifaya yake iwe ya peke yake. Boksi hilo la pili liweke katikati ya ukuta wa nyuma, la kwanza lirudi katikati ya ukuta wa mbele. Maboksi mawili yakitazamana hivyo yanaufuta ule mlio wa kwanza wa urefu wa chumba, na besi inakuwa karibu sawa kwa kila anayekaa. Todd Welti wa kampuni ya Harman alilipima jambo hili na kulichapisha mwaka 2002, akaona maboksi mawili kwenye kuta zinazokabiliana yanakaribia kazi ya manne.

Nimerefusha, lakini kuna jambo moja siwezi kuliacha, kwa sababu umesema fundi huyo ameshalifungua boksi lako.

Mwezi uliopita kijana mmoja aliniletea sabufa iliyofungwa spika ya inchi 12 kwa namna hiyo hiyo. Alisema inanuka. Nilipotoa skrubu nane na kuivuta spika, koili ilikuwa nyeusi kama ukoko wa wali, na ukisukuma koni kwa vidole inakwaruza. Hilo ningelipita. Nilimulika tochi ndani. Vanishi ya transfoma ilikuwa imeyeyuka, ikachuruzika kwenye MDF na kuacha doa la kahawia pana kama kiganja. Fyuzi ilikuwa ikikatika kila jioni, kwa hiyo aliyeifunga alikuwa ameizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Kijana aliniambia sabufa ile hulala imewashwa, chumbani wanamolala wadogo zake wawili.

Nawaambia wote wanaosoma hapa, si wewe peke yako. Fyuzi inayokatika mara kwa mara inasema ukweli kuhusu mzigo uliowekwa juu yake. Mtu anayeibadilisha kwa waya au karatasi amekuondolea kitu cha mwisho kilichosimama kati ya soketi na pazia lako. Sijali bei yake ni nafuu kiasi gani wala anatoka mtaa gani.

Kwa hiyo leo, kabla ya kochi, kabla ya toni: chomoa plagi ukutani, subiri dakika kumi kapasita ziishe chaji, fungua bamba la nyuma. Tafuta fyuzi karibu na waya wa umeme unapoingia. Soma namba kwenye kikombe chake cha chuma, kisha soma namba iliyochapwa kwenye bodi kando yake. Zinapaswa kuwa sawa, na kwa mashine ya wati 90 itakuwa ampea moja au mbili, si 10. Ukikuta waya, karatasi ya fedha au lehemu iliyounganisha ncha mbili, usiiwashe tena mpaka umeweka fyuzi yenye namba ya kwenye bodi. Kisha uniandikie umekuta nini.