Ukiletewa pikipiki ya Bullet ya zamani uibadilishie sproketi, fikiria mlima kwanza

Vijana mnaoanza gereji, hasa nyie mliozoea bodaboda za kichina af mnaletewa chuma cha zamani cha pistoni moja, kuna ombi mtalisikia sana: fundi, nitolee hiyo sproketi ya mbele (lile gurudumu la meno linaloshika cheni) niwekee kubwa ikimbie. Mteja analipa, ndio, ila kabla hujashika spana muulize anakaa wapi na anabeba nini. Anayekaa Njiro, Arusha, akaenda tu mjini kunywa kahawa sio sawa na anayekaa Kibosho juu, mlimani Kilimanjaro, kila jioni anapanda na mama watoto na gunia la pumba.

Hesabu yenyewe ni ndogo. Meno ya nyuma gawanya kwa ya mbele. 42 kwa 14 unapata 3. Ukiweka 15 mbele inashuka mpaka 2.8, na ili upate hiyo hiyo kwa kubadilisha nyuma ingebidi uweke 39, yani jino moja mbele ni sawa na karibu matatu nyuma. Kwaiyo mbele ni kwa kuruka hatua kubwa, nyuma ni kwa kurekebisha kidogo kidogo. Namba ikiwa kubwa inavuta vizuri ila haina spidi, ikiwa ndogo kinyume chake.

Sa tuje kwenye Royal Enfield Bullet 350, hizi za India zilizoanza kuunganishwa Madras mwaka 1955. Miaka mingi hazikubadilika sana, ndo maana utakuta ya mzee imefungwa spea za toleo la juzi na mwenyewe hajui, sa usiamini kitabu, hesabu. Toa plagi, weka gia namba nne, ingiza mrija wa soda kwenye tundu la plagi (sio kijiti, kikivunjikia ndani utalia), zungusha tairi la nyuma raundi moja kamili uhesabu mrija umepanda mara ngapi. Ikiwa na 16 mbele na 38 nyuma utapata tano na theluthi hivi. Hiyo ndo gia yake halisi, pamoja na cheni ya ndani ya klachi iliyo meno 25 kwa 56.

Kwa 16, ukienda 80 barabara ya Moshi injini inazunguka kama 3,500 kwa dakika. Ukiweka 17 inakuwa 3,300, ukiweka 18 inakuwa 3,100. Mteja akisikia hivyo anafurahi, injini imetulia, mtikiso umepungua, na kwenye tambarare ya KIA, kule uwanja wa ndege, kweli anafurahi. Tatizo ni kwamba 18 haibadilishi namba nne peke yake, inabadilisha zote, na hiyo gia boksi ina nne tu. Namba moja inakuwa nzito kwa zaidi ya asilimia 10, kwaiyo kuondoka kwenye mwinuko na abiria unaanza kuchoma klachi. Na ukishindwa namba nne ukarudi tatu, bado ni nzito, ukirudi mbili inapiga kelele huku lori la mchanga linakupumulia mgongoni.

Kuna mzee wa Uru alileta yake analalamika klachi imekufa tena. Sahani zilikuwa zimeungua kweli, ila kilichoziua ni sproketi ya 18 aliyowekewa sehemu nyingine, na yeye anapanda kwake kila siku. Tukamrudishia 16, klachi ikatulia.

Af kuna hewa. Moshi mjini uko chini ya mita 1,000 ila Arusha ni kama 1,400, na kila mita 1,000 ukipanda injini ya kabureta inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu. Pikipiki iliyokuwa inaburuta 18 bila shida Tanga, huku inakuwa nzito, na mwenyewe atakwambia kabureta. Safisha kabureta sawa, ila angalia na meno.

Injini hizi zina mwendo mrefu wa pistoni, upana milimita 70 kwa mwendo wa 90, zinavuta kutoka chini na hapo ndo watu wanajidanganya. Inavuta, ila ukifungua mafuta yote kwenye mlima injini ikiwa inazunguka polepole sana unaisikia inagonga ko ko ko, na huko kugonga kunaenda moja kwa moja kwenye beringi ya konrodi. Bora izunguke kidogo zaidi kuliko kuilazimisha.

Kipimo ninachokiamini ni hiki: tafuta tambarare, upepo unakuja usoni, mteja na abiria wake juu, namba nne mafuta yote. Spidi ikigoma kupanda rudisha tatu. Kama kwa tatu inakimbia sawa au zaidi, namba nne yake ni nzito mno, punguza jino. Kwangu mimi anayeishi mlimani 16 inatosha, wa Arusha mjini anayeenda Moshi mara moja moja 17, na 18 namwekea tu anayesafiri tambarare bila mzigo na ananielewa nikimweleza.

Jambo la kazi: kwenye Bullet nyingi sproketi ya nyuma ni kitu kimoja na drum ya breki, kwaiyo utabadilisha mbele tu, na ya mbele imejificha nyuma ya klachi. Ni kumwaga oili, kufungua kava, kutoa klachi kwa pula (kifaa cha kuvutia). Bei ya kazi sema mapema, mteja anadhani ni dakika kumi. Nati za mashine za zamani nyingine zinafunguka kinyume, hakikisha kabla hujaongeza bomba kwenye spana.

Ukiongeza meno mawili tairi litasogea mbele kama milimita 8 kwa cheni ileile, angalia kama ajasta ya kukazia cheni ina nafasi, la sivyo ongeza pingili. Na usifunge cheni mpya kwenye sproketi iliyopinda meno kama ndoano. Waya wa spidi mita nao uufuatilie unatokea wapi, ukitoka gia boksi utasoma uongo baada ya kubadilisha, ukitoka tairi la mbele hauhusiki.