Re: Boxer wangu ana vipele kidevuni, nimpake nini?

Mkuu, pole na huyo kijana wako. Mbwa aina ya Boxer wa miezi saba, vipele vyekundu kidevuni na mdomoni, lakini anakula na kucheza kama kawaida: hiyo inafanana sana na chunusi za mbwa. Huwapata hasa mbwa wenye umri mdogo na manyoya mafupi: Boxer, Doberman, Bulldog, Rottweiler. Nywele fupi ngumu zinakatikia ndani ya ngozi, panavimba, kisha bakteria wanaingia na usaha unaanza.

Usizikamue! Ukikamua unasukuma usaha chini zaidi na kovu linabaki. Msafishe kidevu kwa pamba yenye klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu) iliyozimuliwa, ukikausha kwa kugandamiza, sio kusugua. Akimaliza ugali wake wa dagaa, mfute mikunjo ya midomo. Yale mabaki yanayoganda pale ndiyo yanayoweka unyevu. Bakuli la plastiki lililokwaruzika litupe, sokoni hapa Arusha mabakuli ya stili yamejaa.

Zile krimu za binadamu zenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) ambazo wengine wamekushauri umpake, achana nazo kwanza. Kama kumbe ni utitiri wa demodeksi, yaani vidudu vidogo sana vinavyoishi ndani ya ngozi, zitaufanya usambae, na mbwa atazilamba tu.

Uso ukivimba, tezi za shingoni zikijaa, au manyoya yakianza kunyonyoka, mpeleke kwa daktari wa mifugo akwangue ngozi aangalie kwa hadubini. Wengi chunusi hizi huisha wakifikisha mwaka hivi. Ana homa?